Posa Iliyoingia na Matope

Mtu akitaka kuachana na mpenzi wake huchagua mahali pa kufanyia hivyo. Wako wanaochagua mgahawa wenye mwanga hafifu, wako wanaojificha nyuma ya simu. Mfamasia alichagua mtoni, tena siku ya usafi, katikati ya watu wazima wanaookota chupa za plastiki. Ndiyo maana kila alipofungua mdomo kulisema neno lenyewe, alitokea mtu akauliza glavu ziko wapi.

"Ziko kwenye ndoo ya bluu," alijibu. "Hapana, mama, ile nyingine. Hiyo ni ya kumwagilia miche."

Alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa siku moja unaoondoka kwa kuoga na kulala. Wiki nzima alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, akieleza watu kwamba dawa ya kikohozi hainywewi kwa kukisia, na kwamba kidonge kilichomponya jirani si lazima kikuponye na wewe. Miguu ilimuuma. Lakini kilichomchosha zaidi kilikuwa kule kwenye maji, kimevaa mabuti ya mpira, kimeinama, kinavuta kitu kizito kutoka kwenye tope huku kikicheka peke yake.

Watu wa kikundi walimwita Nahodha. Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza friji, na alikuwa hodari. Nusu ya mji ilikunywa maji baridi kwa sababu yake. Ila Jumamosi hakuna friji iliyompata. Asubuhi aliongoza usafi wa mto, mchana aliongoza matembezi ya kupanda kilima na kuwaonyesha watu ndege, na katikati ya hayo alipanda miche, akaimwagilia, akaifukuzia mbuzi. Kila mtu alimpenda. Bibi Soksi, mkunga mstaafu aliyevaa soksi ndefu hadi magotini kwa hofu ya siafu, alikuwa akisema kwamba laiti angepunguziwa umri kidogo tu, Mfamasia angepata mshindani.

"Mchukue, bibi, nakuachia bure," Mfamasia alikuwa akimjibu, na wote walicheka. Siku hizi hakuwa akimjibu tena.

Mfukoni alikuwa na filimbi ya kikundi. Kwenye matembezi Nahodha ndiye aliyetangulia, naye Mfamasia alifunga msafara, akihakikisha hakuna aliyebaki nyuma wala aliyekaa chini kutoa mwiba akasahaulika. Ndivyo walivyopendana, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati yao umati mzima unauliza yule ni ndege gani. Leo alikuja kuirudisha ile filimbi, na pamoja nayo mambo mengine.

"Dawa!"

Ni Nahodha peke yake aliyemwita hivyo, tangu siku alipoingia dukani na kidole kilichokatwa na bati akakaa muda mrefu kuliko kidole kilivyohitaji.

"Dawa, njoo unishikie upande wa pili. Nimepata godoro!"

Lilikuwa godoro kweli, la watu wawili, limekunywa maji mpaka limevimba. Angeweza kukataa. Angeweza kumwita mtu mwingine, watu walikuwa tele. Badala yake akakunja suruali, akaingia majini, akashika pembe mbili za upande wake.

"Haya, vuta."

Wakavuta. Godoro halikujali.

"Nahodha, nataka kuongea na wewe."

"Ongea. Vuta."

"Si hivi."

"Nikiliachia linazama tena, na hapa lilipofika limenitoa jasho. Ongea tu, Dawa, masikio yapo."

Akavuta pumzi. "Mama amesema neno lake la mwisho."

Tabasamu likamtoka Nahodha usoni taratibu. Hakuuliza ni kuhusu nini. Wote wawili walijua.

Ili umwelewe mama, inabidi ujue yaliyotokea Jumamosi iliyopita. Mama alikuwa mshonaji, na sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana yake. Siku ile aliifunika cherehani, akavisukumia vitambaa vyote kabatini, akatoa vikombe vya wageni. Kitu kimoja tu hakukipatia mahali: gauni jeupe la bibi harusi wa kesho yake, lililobaki likining'inia kwenye mlango wa kabati. Nahodha alikuwa aje alasiri na baba yake mdogo na shangazi yake, kujitambulisha na kuleta posa. Mama alikaa kwenye kochi amevaa vizuri, mikono mapajani, akisubiri.

Kisha mvua ikanyesha. Mji ulikuwa umeisubiri mvua ile mpaka watu wakaacha kuitaja. Miche ya kwanza ya msimu ilikuwa kwenye trei pale mtoni, na Nahodha, aliyekwisha kuoga na kujipaka mafuta, alijiambia atapita nusu saa tu aanzishe kazi, kisha watu wengine waendelee. Baba mdogo alipoona muda unakwenda, alimfuata mtoni kumhimiza. Akapewa jembe. Shangazi alikuja kuwahimiza wote wawili. Naye akapewa mwavuli awakinge watoto wa mti, na akawakinga kwa moyo wote.

Walipobisha hodi, taa zilikuwa zimewashwa nyumba zote mtaani, na tope lilikuwa limewafika magotini. Baba mdogo, mwenye furaha ya mstaafu aliyepata kazi, alimpa mama mkono wa tope, akamkabidhi mche mmoja kwenye kifuko cha plastiki kama zawadi, kisha akageuka kutafuta kiti. Mgongo wake, nao umejaa tope, ukalipaka lile gauni kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo.

"Tumechelewa kidogo, dada," alisema kwa uchangamfu, "lakini tumshukuru Mungu, miche yote imeingia ardhini."

"Basi mkaioe hiyo miche," mama akasema, akaufungua mlango tena.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mtu yeyote mwingine angechelewa posa yake kwa ugonjwa, au kwa gari kuharibika. Wao walichelewa kwa sababu ardhi ilikuwa laini.

"Amesemaje?" Nahodha aliuliza sasa, maji yakimpita miguuni.

"Shangazi yangu amenitafutia nafasi kwenye duka la dawa la hospitali kule kwao. Keshokutwa wanataka jibu. Mama anasema nikubali."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kukaa chini."

"Nahodha!" mtu akaita kutoka ukingoni. "Gunia limetoboka!"

"Litie ndani ya jingine!" alijibu bila kugeuka, kisha akapunguza sauti. "Endelea, Dawa. Nakusikia."

"Umeona? Hata kuachwa huna nafasi."

Mikono yake ikalegea, godoro likashuka kidogo. "Unaniacha?"

Macho yao yakakutana juu ya lile godoro bovu. Alikuwa na macho ya mtu asiyejua kuficha, na mwanamke akaiona hofu ikipanda ndani yake, akajuta kutazama. Alimpenda. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake kubwa. Angekuwa hampendi angekuwa ameondoka zamani, na miguu yake ingekuwa mikavu.

"Sijui," alisema. "Nilikuja kukuacha. Nimejikuta nimeshika godoro."

Nahodha akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Mfamasia naye midomo ikamcheza, akakasirishwa na midomo yake mwenyewe.

"Usinichekeshe. Nazungumza jambo la maana."

"Umekasirika. Una haki."

"Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ungenibembeleza, yangekwisha. Nimechoka, Nahodha. Mtu aliyechoka habembelezeki."

"Ile siku nilidhani ni nusu saa tu."

"Wewe kila siku unadhani ni nusu saa."

"Ile miche ingekufa, Dawa. Unajua ingekufa."

"Najua! Hapo ndipo unaponiumiza, kwamba kila mara una sababu nzuri. Ungekuwa mlevi ningewaambia watu, wakanihurumia. Ungekuwa na mwanamke mwingine ningelia, dada zangu wakaja kunishika mkono. Nitamwambia nani kwamba mwanaume wangu ananitesa kwa kupanda miti?"

Nahodha akainama, akalikumbatia godoro upande wake kwa hasira, akavuta peke yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mfamasia akamsaidia, kwa sababu hakujua kufanya vingine. Tope likatoa sauti ya kufyonza, godoro likang'oka ghafla, na wote wawili wakaanguka chali ukingoni, maji machafu yakiwamwagikia.

Bibi Soksi na wengine wakapiga makofi. Walidhani wameona ushindi.

Wakabaki wamekaa pale pale kwenye majani. Kifua cha Nahodha kilikuwa kikipanda na kushuka. Chini ya macho yake kulikuwa na weusi ambao Mfamasia alikuwa ameuona tangu katikati ya wiki bila kuusemea. Mchana alikuwa kwenye majokofu ya bucha lililoungua umeme, na jioni akawa mtoni kulinda trei mpya zisiliwe na mbuzi. Alitaka kumwuliza kama amekula. Akajizuia.

"Nitakuja leo," Nahodha alisema. "Peke yangu, alasiri. Nije kuomba radhi, basi. Akinifukuza, anifukuze nikiwa msafi."

"Leo kuna matembezi."

"Wataongozana. Bibi Soksi anaijua njia ya kilimani kuliko mimi. Nikimwambia asiende mbali, atawarudisha mapema."

"Na mvua ikinyesha?"

Kabla hajajibu, alitazama juu. Ilikuwa mara moja tu, tena haraka, lakini Mfamasia aliona.

"Nitakuja," alisema Nahodha.

Mwanamke akaitoa filimbi mfukoni, akaiweka juu ya goti la Nahodha, akainuka. Hakugeuka nyuma, kwa sababu alijijua.

Nyumbani mama alikuwa kwenye cherehani, anashona sketi za sare za shule. Alimtazama bintiye kuanzia nywele hadi miguu, tope lote lile, akamngoja mpaka alipofika mlango wa bafuni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amelia?"

"Mama! Anakuja alasiri. Anataka kuomba radhi."

"Hata ile siku nyingine alisema atakuja," mama alisema, akakata uzi kwa meno.

Mfamasia alioga, akavaa gauni la nyumbani, akakaa kwenye kochi. Akajifanya anasoma. Alasiri ile ilijivuta, na mama hakumsaidia hata kidogo. Kila ilipopita pikipiki nje, mguu wake ulisimama juu ya pedali, akasikiliza, akaendelea. Mfamasia alianza kupanga maneno ya kumjibia shangazi yake. Ndiyo, shangazi, nitakuja. Ndiyo, nimefikiri vizuri. Yalikuwa maneno mepesi tu, lakini kila alipoyarudia kichwani yaligoma kukaa sawa.

Hodi ikapigwa mapema kuliko walivyotarajia.

Nahodha alisimama mlangoni amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi na mtu ambaye bila shaka hakuwa fundi wa pasi. Viatu alikwisha kuvivua nje. Alisimama na soksi zake, mikono mitupu, kama mtu anayesubiri kupimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona umekuja mwenyewe. Wale wakulima wako wapi?"

"Nimewaacha, mama. Nimekuja kuomba radhi kwanza. Ya gauni na ya kuchelewa. Na ya baba mdogo, ingawa yeye bado hajaelewa alikosea wapi."

Mama hakucheka, lakini mashine ilikosa mshono mmoja. "Kaa."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, mbali na kila kitambaa. Mfamasia akabaki kwenye kochi. Hawakutazamana, au walitazamana kwa zamu, mmoja akiinua macho mwingine akiyashusha.

"Nikuulize," mama alisema, akiendelea kushona. "Mwanangu akiumwa Jumamosi?"

"Nitakuwa naye."

"Akiumwa, na mvua inanyesha?"

Mfamasia akafumba macho. Sema ndiyo, alimwomba moyoni, sema tu ndiyo.

"Nitakuwa naye, mama. Lakini nikikwambia sitaiwaza miche nitakuwa nimekudanganya. Nitakuwa naye na nitaiwaza miche."

Cherehani ikasimama. Mama akamtazama juu ya miwani yake, muda mrefu.

"Angalau kudanganya hukujifunza," alisema, akaweka sketi nyingine chini ya sindano. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sina ugomvi na miti. Kivuli nakipenda kama watu wengine. Marehemu baba yake huyu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alikuwa mtu mwema, hakuninyima kitu, hakunitukana. Lakini ukinihesabia, naona mlango ndio nilioolewa nao. Likipita lori, naamka. Napika chakula, kinapoa, napasha moto, kinapoa tena. Watu waliniambia nina bahati, nina mume mchapakazi. Mume mchapakazi, sawa, mimi nilimwona wapi? Sitaki mwanangu azeeke anasikiliza mlango. Hilo tu. Gauni lile lilitakata, na bibi harusi hakujua kitu."

Mfamasia hakuwahi kumsikia mama yake akisema hayo. Alitaka kuinuka akamkumbatie, lakini mama hakuwa mtu wa kukumbatiwa akiwa kwenye cherehani.

Ndipo tone la kwanza lilipogonga bati. Kisha la pili, kisha yote kwa pamoja.

Nahodha aligeuka dirishani. Mwili wake wote uliinuka kidogo kwenye kiti, kisha akaushusha kwa nguvu, mikono ikishika magoti. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaitoa, hakuitazama, akaiweka mezani kifudifudi, mbali na mkono wake.

"Nakusikiliza, mama," alisema.

Mama aliyaona yote hayo. Akaendelea kusema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka ukali. Akasimulia juu ya mwaka ambao lori lilikwama barabarani wakati Mfamasia anazaliwa. Akasimulia jinsi alivyojifunza kushona, kwa sababu cherehani ilikuwa na kelele na kelele zilizuia kusikiliza. Mvua ilipiga bati, gurudumu la cherehani likazunguka, chumba kikawa na joto la vitambaa na pasi.

"Kwa hiyo mimi nakuuliza," mama alihitimisha, "unataka kumwoa mwanangu akae wapi katika maisha yako? Nijibu hilo tu, nikuache."

Hakuna jibu.

"Nakuuliza wewe."

Mfamasia akageuka. Nahodha alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha, na alikuwa amelala fofofo.

"Huyu kijana amelala?" mama alisema.

"Mama, naomba umsamehe. Ngoja nimwamshe, hakufanya makusudi, wiki nzima hii…"

"Niache." Mama alivua miwani, akainuka, akamsogelea. Akamwinamia kwa jicho lile lile alilopimia wateja. "Ninamsema, mtu mzima nafungua moyo wangu, na yeye analala," alisema, lakini sasa alikuwa ananong'ona. "Shingo imekonda. Kola inamzidi."

"Hajala vizuri."

"Naona."

Simu ikaanza kutetemeka tena mezani, ikawa inajisogeza kuelekea ukingo wa meza. Mfamasia akairukia kabla haijaanguka. Jina la Bibi Soksi lilikuwa kwenye kioo.

"Nahodha! Baba, uko wapi?" Mvua ilikuwa ikimzidi sauti. "Mto unapanda! Trei ziko pale chini ukingoni na sisi tuko watatu tu, wengine wameshatawanyika kwa ajili ya mvua. Zile zote za mwisho, zitachukuliwa!"

Mfamasia akamtazama yule mwanaume aliyelala. Akimwamsha, angetoka mbio na soksi zake, na mama asingemfungulia mlango tena maishani. Asipomwamsha, angeamka akute mto umechukua miche yake ya mwisho ya msimu, na asingemlaumu mtu, angetabasamu tu, na hilo lingekuwa baya zaidi. Akaziona zile trei kichwani. Aliijua kila moja. Nyingine alizijaza udongo yeye mwenyewe.

"Bibi," alisema, "msizibebe moja moja. Shikeni mlango ule wa zamani tuliouopoa mtoni, watu wawili, mpange trei juu yake. Pelekeni kwenye veranda ya shule. Nakuja."

Mabuti yake yalikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa ameshaingiza mguu mmoja aliposikia sauti ya mama nyuma yake.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Trei ziko chini ya ukingo, mama. Maji yakipanda kidogo tu, basi tena."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua ndiyo yenyewe, mama! Isingenyesha kungekuwa na haja gani ya kwenda?"

Mama akamtazama bintiye aliyesimama na gauni la nyumbani na buti moja, nywele zimefungwa ovyo, macho yanang'aa. Akamtazama mgeni anayekoroma kidogo kwenye kiti. Akamrudia bintiye.

"Kumbe siku zote hizi namlaumu mtoto wa watu bure," alisema polepole. "Mgonjwa ni wewe."

Mfamasia alifungua mdomo kukana. Hakupata la kukana.

"Mwache alale," alisema tu, akazitia simu zote mbili mfukoni, akatoka.

Mtoni hapakuwa na muda wa kuwaza. Maji yalikuwa yamekwisha kuilamba trei ya mbele. Bibi Soksi, soksi zimemwanguka vifundoni, alikuwa akitoa amri kwa sauti aliyoizoea chumba cha kuzalishia: sukuma, pumzika, sukuma. Walibeba ule mlango mara nyingi kiasi kwamba Mfamasia aliacha kuhisi vidole. Mgongo ulimwaka. Gauni lilimganda mapajani. Wakati fulani aliteleza, akaanguka juu ya magoti, miche ikamkalia kifuani, akaikumbatia asiiangushe, akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja bila kujua lipi limeanza. Kama angekubali kazi ya shangazi yake, nani angemwambia kuhusu mvua kama hii? Angeisikia kwenye bati la watu, akiwa mkavu, na angeumia.

Trei ya mwisho ilipowekwa kwenye veranda, wote walijibwaga chini na kuegemea ukuta wa darasa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangilia. Simu ikaita. Akaitafuta mfukoni kwa vidole vilivyokufa ganzi, akadhani ni ya Nahodha, kumbe ni yake mwenyewe.

"Mama?"

"Ameamka," sauti ya mama ilisema. "Ameruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Anataka kuja huko."

Nyuma ya sauti ile ilisikika ya mwanaume ikiomba, mama, tafadhali mama, niruhusu.

"Asije, tumemaliza," Mfamasia alisema. "Mwambie miche yote imepona."

"Nimeshamwambia haendi kokote. Nimefunga mlango, na ufunguo ninao mimi."

"Mama, huwezi kumfungia mtu mzima…"

"Nimeweza. Nimempa kisu, anamenya viazi, na kumenya hajui. Sasa wewe maliza huko urudi taratibu, barabara inateleza." Nyuma yake cherehani haikusikika, ila mvua ile ile ikigonga bati la nyumbani kwao. "Shangazi yako nitampigia mimi. Nitamwambia amtafute mtu mwingine."

Mfamasia akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Unanisikia?" mama aliuliza. "Nimemwambia hivi, leo mkeo ndiye aliye njiani. Kaa hapo na wewe usikilize mlango."